Nazi Iliyokunwa Haikai: Chembe za Nano, Betri za Lithiamu na Joto la Mombasa

Mwezi wa Februari, kaskazi limelegea na joto limekaza, jirani yangu alinikuta barazani akiwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Ni ile aliyopewa siku aliponunua betri ya tuktuk yake ya umeme. Yeye hubeba abiria kati ya Kongowea na Kisauni, na mwaka wa kwanza wote betri ile ilimtoa alfajiri ikamrudisha baada ya isha, akiichaji mara moja tu saa sita mchana. Sasa chaji ya alfajiri haimfikishi adhuhuri. Akaniwekea kidole juu ya mstari mmoja. "Mwalimu, hapa wameandika nano. Muuzaji aliniapia kwamba nano haichoki. Mbona yangu imechoka?"

Nimefundisha kemia miaka mingi na ni mara chache nimeulizwa swali zuri kama hilo. Nilimjibu siku hiyo kwa haraka, na jibu halikuniridhisha. Hapa najaribu tena, kwa kirefu, kwa sababu neno hilo limeanza kubandikwa kwenye betri za pikipiki, za sola na hata za tochi, na watu wanatoa pesa zao kwa ajili yake.

Nano ni kipimo. Nanomita 1 ni mita 1 iliyogawanywa mara bilioni 1. Unywele wa kichwa una unene wa nanomita 80,000 hivi. Anayesema betri yake ni ya nano anasema kwamba unga uliopakwa ndani yake, kwenye elektrodi, yaani zile pande mbili za betri zinazopokea na kutoa chaji, umesagwa au kukuzwa kwa chembe ndogo sana, aghalabu chini ya nanomita 100 au mia kadhaa. Kuhusu kudumu kwa betri hajasema neno bado.

Kinachofuata kila mpishi wa pwani anakijua. Nazi nzima ukiitia uvunguni hukaa wiki kadhaa. Ukiivunja vipande, siku moja au mbili. Ukiikuna kwa mbuzi ukatia maji, tui zito linatoka hapo hapo. Lakini tui hilo na machicha yake, ukiyasahau mezani tangu asubuhi, alasiri yameshachacha. Nazi ni ile ile. Kilichoongezeka ni uso: kila chembe iliyokunwa imefunguliwa pande zote, na kupitia uso huo huo tui hutoka upesi na uchachu huingia upesi. Kemia ya elektrodi za nano, ukiivua maneno yake makubwa, inazunguka hapo. Kazi nzima ya watafiti kwa miaka 30 imekuwa kupata tui la haraka bila kupata uchachu.

Betri ya lithiamu hufanya kazi kwa kusafirisha ioni za lithiamu, yaani atomi zake zenye chaji, huku na huko. Ukichaji, ioni hutoka kwenye kathodi, elektrodi ya upande chanya, zikapita kwenye elektroliti, majimaji yaliyo katikati, zikajipenyeza ndani ya anodi, elektrodi ya upande hasi. Ukitumia, zinarudi. Zikiwa ndani ya majimaji ya elektroliti huenda kasi. Zikiingia ndani ya chembe ngumu hutambaa. Na kutambaa huko kuna hesabu yake: muda hukua kwa kipeo cha pili cha umbali. Fupisha njia mara 10, muda unapungua mara 100. Chembe ya mikromita 10, yaani nanomita 10,000, ikifanywa ya nanomita 100, njia imekuwa fupi mara 100 na muda umepungua mara 10,000. Nikiwaonyesha wanafunzi hesabu hii ubaoni huwa wananyamaza, na nadhani wana haki ya kunyamaza.

Mfano ambao nano ilishinda wazi wazi uko ndani ya tuktuk ya jirani yangu. Mwaka 1997 John Goodenough na wenzake wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin walitangaza kathodi ya fosfeti ya chuma na lithiamu, ile ambayo mafundi wa sola na wa betri hapa mjini huiita kwa herufi zake tu, LFP. Kwa malighafi ilikuwa neema. Chuma kipo kila mahali, fosfeti ni ile ya mbolea, na haiwaki kwa urahisi kama oksidi ya kobalti, ambayo Goodenough huyo huyo aliivumbua Oxford mwaka 1980 na Sony ikaiingiza sokoni mwaka 1991. Kasoro yake ni kwamba umeme haupiti ndani yake. Inakaribia kuwa kihami. Katika majaribio yale ya mwanzo, hata walipoichaji polepole, walitoa kama asilimia 60 tu ya lithiamu iliyokuwemo.

Kulikuwa na tatizo la pili, na hili huwa nalieleza kwa vichochoro vya Mji wa Kale. Ndani ya fuwele ya LFP lithiamu haitembei kila upande. Inapita kwenye vichochoro vilivyonyooka, vyembamba, kimoja kando ya kingine, bila njia za kukatiza. Atomi moja ya chuma ikikaa mahali pa lithiamu, ni mkokoteni uliokwama kati ya kuta mbili: walio nyuma yake hawatoki. Kichochoro kirefu kina nafasi kubwa ya kuwa na mkokoteni mmoja au miwili humo. Ukikata mji uwe vipande vidogo, kila kichochoro kiwe na hatua chache tu kufika barabarani, mikokoteni mingi inakosa mtu wa kumzuia. Ndiyo sababu LFP ya chembe ndogo hutoa karibu lithiamu yake yote, na ile ya chembe kubwa huacha sehemu yake imefungiwa ndani.

Kuhusu umeme kutopita, dawa ilipatikana mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa watafiti wa Montreal, Kanada, akiwemo Michel Armand. Walizivika chembe ngozi ya kaboni. Unachanganya unga wa LFP na kitu chenye kaboni, sukari ya kawaida inatosha, unaupika kwenye tanuri lisilo na hewa ya oksijeni, na sukari ikiungua inaacha juu ya kila chembe utando mweusi wa nanomita chache. Elektroni zinapita juu ya ngozi hiyo, ioni zinapenya chini yake. Jambo hili hunifurahisha kila nikilifikiria: teknolojia inayobeba mabasi mazima imesimama juu ya sukari iliyoungua, kitu ambacho kila aliyewahi kusahau sufuria ya shira jikoni amekikwangua.

Sasa, upande wa uchachu. Majimaji yaliyomo kwenye betri, ile elektroliti, yana mipaka yake ya volti. Ukipima kwa kulinganisha na metali ya lithiamu yenyewe, yanatulia kuanzia kama volti 1 hadi zaidi kidogo ya volti 4. Nje ya hapo yanaanza kuvunjika. Anodi ya grafaiti, kaboni ile ile ya ndani ya penseli, ambayo iko kwenye betri nyingi za lithiamu, hufanya kazi kwenye volti 0.1 au 0.2, yaani chini kabisa ya mpaka. Kila mahali grafaiti inapogusana na elektroliti, elektroliti inaungua na kuacha utando. Utando huo ndio mlinzi wa betri, maana ukishajengeka huzuia uharibifu zaidi. Lakini umejengwa kwa lithiamu, na lithiamu iliyoingia humo hairudi tena kazini. Chaji ya kwanza peke yake hula asilimia 5 hadi 10. Uso ukiwa mkubwa mara 10, mlo nao unakua.

Ndiyo maana hakuna mtengenezaji mwenye akili anayesaga grafaiti yake kuwa nano. Wanafanya kinyume. Magamba ya grafaiti, yakiwemo yale yanayochimbwa Balama kule Msumbiji, huviringishwa viwandani yakawa vidonge vya mikromita 10 hadi 20 ili uso upungue, yakapakwa kaboni juu, na zaidi ya nusu ya madini hupotea kama vumbi katika kuviringisha huko. Zaidi ya asilimia 90 ya kazi hiyo hufanyika Uchina. Ndani ya seli moja, yaani kipande kimoja kati ya vile vinavyounganishwa kuwa betri, basi, kathodi imekunwa na anodi imeviringwa. Hakuna kupingana hapo. LFP hukaa kwenye volti 3.4, ndani ya eneo ambalo elektroliti imetulia, kwa hiyo inaweza kuwa na uso mkubwa bila kulipishwa. Grafaiti haiwezi.

Huu ndio msimamo wangu, na ningependa ujadiliwe: ukubwa wa chembe haumwambii mnunuzi chochote mpaka aambiwe chembe hiyo inakaa kwenye volti gani na uso wake umelindwa na nini. Hata walio mbele kabisa katika fani hii wanauacha udogo pale ambapo hauwalipi. Mwaka 2019 kikundi cha Jeff Dahn cha Chuo Kikuu cha Dalhousie, Kanada, kilionyesha seli zenye maisha marefu ya ajabu, na kathodi yake, ya nikeli, manganizi na kobalti, ilikuwa ya fuwele moja moja za mikromita kadhaa. Walikuza chembe. Fuwele nzima haina mipasuko ya kuingiza elektroliti ndani.

Kati ya anodi za kuchukua nafasi ya grafaiti, silikoni ndiyo inayosifiwa zaidi, na sifa hizo zina msingi. Gramu 1 ya grafaiti hubeba chaji ya miliampea-saa 372. Gramu 1 ya silikoni hubeba zaidi ya 3,500. Tatizo ni kwamba ikishiba lithiamu hufura hadi kufikia karibu mara 4 ya ujazo wake, kisha hunywea tena, kila siku. Chembe kubwa hupasuka na kuwa unga. Mwaka 2008 Yi Cui na wenzake wa Stanford walionyesha kwamba silikoni iliyokuzwa kama nyaya za nano hufura bila kuvunjika kwa kuwa ina nafasi pembeni ya kutanukia, na mwaka 2012 ikapimwa kwamba chembe ya silikoni iliyo chini ya nanomita 150 hivi haipasuki kabisa. Mtu angedhani mambo yamekwisha. Lakini utando ule wa uso, ambao kwenye grafaiti hujengwa mara moja ukatulia, kwenye silikoni hupasuka kila inapofura na kujengwa upya, na kila ujenzi unakula lithiamu. Chembe iko salama, betri inakufa.

Suluhisho la Cui na wenzake la mwaka 2014 lilifuata umbo la komamanga, na nadhani ni mojawapo ya kazi nzuri kabisa katika fani hii. Walichukua chembe za nano za silikoni, kila moja wakaiweka ndani ya kijumba cha kaboni chenye nafasi ya kufura, kama punje ya komamanga ndani ya kifuko chake. Kisha wakazikusanya punje hizo zikawa tunda moja la mikromita kadhaa lenye ganda la nje. Elektroliti inaliona ganda tu. Baada ya mizunguko 1,000 ya kuchaji na kutumia, elektrodi hiyo ilibaki na asilimia 97 ya uwezo wake. Angalia walichofanya: ndani wamekuna, nje wamerudisha kifuu. LFP ya viwandani nayo hufuata njia hiyo hiyo, chembe ndogo zikibandikwa pamoja kuwa vibonge vikubwa, kwa sababu pia unga mwembamba mno haushindiliki vizuri na tuktuk haina nafasi ya kupoteza chini ya kiti.

Hata hivyo kutengeneza komamanga gramu chache katika maabara ni kitu kimoja na kutengeneza tani kwa bei ya tuktuk ni kitu kingine, na viwanda vingi bado huchanganya asilimia chache tu za silikoni kwenye grafaiti. Dereva wa Mombasa asiharakishe kuinunua. Yeye hahitaji betri nyepesi ya kumpeleka Malindi bila kusimama. Anahitaji betri itakayofunga miaka 6 akizunguka mji huu, kwenye joto hili.

Na joto ndilo jibu la swali la jirani yangu. Kathodi yake ya nano haijachoka. Kwa dalili alizonieleza, kinachochoka ni upande wa grafaiti, ambao hauna nano yoyote. Kwenye seli za LFP uzee huja hasa kwa njia hiyo: utando wa anodi unaendelea kunenepa polepole na kula lithiamu, na joto huharakisha. Wanakemia wana kanuni ya jumla kwamba nyuzi 10 zikiongezeka, kasi ya mwitiko hukaribia kuzidi maradufu. Mizunguko inayotajwa kwenye karatasi za mauzo, elfu mbili, elfu tatu, kwa kawaida imepimwa kwenye chumba cha nyuzi 25. Mombasa mchana hauna nyuzi 25. Hata Julai, wakati wa kipupwe, hufika 27 au 28. Februari na Machi hupita 32, na sanduku la betri chini ya kiti, juu ya lami, karibu na mota, hupita 40 bila shida. Yeye naye alikuwa akiegesha juani saa sita, betri ikiwa moto, akaichomeka hapo hapo kwenye stima, akaijaza pomoni, akaiacha imejaa juani hadi abiria wa alasiri watoke. Kujaa pamoja na joto ni mchanganyiko mbaya kuliko yote kwa utando ule. Nilimshauri aanze na kivuli, aiache ipoe kabla ya kuichomeka, na chaji kubwa aihamishie usiku. Inamgharimu abiria wa saa saba, najua. Si ushauri mwepesi kwa mtu mwenye mkopo.

Ndiyo maana sioni haki mzigo wote uwe wake. Watengenezaji wengi wa seli hupima maisha yake kwenye nyuzi 45 vile vile kama kwenye 25, na namba hiyo ndiyo ndogo. Haifiki kwa mnunuzi wa Kongowea. Ningependa Shirika la Viwango la Kenya liitake iandikwe kwenye kila betri ya chombo cha usafiri inayouzwa nchini: mizunguko mingapi kwenye nyuzi 45, na uwezo uliobaki ni asilimia ngapi. Mstari mmoja tu. Neno nano libaki au liondoke, haidhuru. Dhamana nayo ifuate namba hiyo, maana dhamana iliyoandikwa kwa hali ya hewa ya Nairobi si dhamana kwa mtu wa Kisauni.

Wapo wanaosema tuanzishe kiwanda cha seli hapa, bandari iko karibu. Nawaelewa, ila wakumbuke kwamba vumbi la nano linanyonya unyevu kama chumvi ya jikoni wakati wa masika, na maji kidogo tu ndani ya seli yanageuza chumvi ya elektroliti kuwa asidi inayokula kathodi. Seli hupakwa na kufungwa kwenye vyumba vilivyokaushwa hewa kuliko jangwa. Kukausha hewa ya Kilindini kiasi hicho ni bili ya umeme ya kutisha. Kuunganisha seli zilizokwisha kufungwa kuwa betri kamili ni jambo jingine, linawezekana hapa na mafundi wa kulifanya wapo.

Kuna elektrodi moja ya nano ambayo kwa maoni yangu imekaa kama iliyoumbiwa mji huu, na karibu hakuna anayeitaja. Ni titaneti ya lithiamu, iliyotengenezwa kwa titaniamu, anodi inayochukua nafasi ya grafaiti. Inafanya kazi kwenye volti 1.55, juu ya mpaka wa kuungua kwa elektroliti, kwa hiyo unaweza kuikuna upendavyo bila utando ule mzito kujengeka. Ikipokea lithiamu haifuri wala hainywei. Inachajiwa kwa dakika, huvumilia joto, na hutoa mizunguko zaidi ya 10,000. Gharama yake ni uzito: hubeba miliampea-saa 175 kwa gramu, chini ya nusu ya grafaiti, na volti ya seli hushuka hadi 2.4 hivi. Kwa tuktuk ni nzito na ghali. Kwa kivuko cha Likoni, chombo kinachovuka mkondo wa kama nusu kilomita, kikatia nanga, kikangoja watu na magari washuke na wengine wapande, kisha kikarudi, mchana kutwa na usiku kucha, sijui betri gani ingefaa zaidi. Umbali ni mfupi, uzito si hoja majini, na kila upande kuna dakika za kuchaji. Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa kingeweza kuifanya hesabu hiyo kwa ukamilifu, pamoja na nguvu ya stima inayohitajika gatini, na kuiweka mezani kabla feri nyingine ya dizeli haijaagizwa.

Na titaniamu yenyewe si kitu cha kigeni kwetu. Kuanzia mwaka 2014, hadi uchimbaji wa Kwale ulipofungwa mwishoni mwa 2024, mchanga wake mzito wenye ilmenaiti na rutaili ulikuwa ukipakiwa melini kwenye gati la Likoni, sehemu kubwa yake ikienda kuwa rangi nyeupe ya kupaka kuta za nyumba za mbali.